Centre Radio ya Leicester, 1981–1983: kituo cha kwanza cha redio ya biashara kufilisika Uingereza

Wakuu, salaam.

Alhamisi ya tarehe 6 Oktoba 1983, kituo cha Centre Radio cha mjini Leicester, katikati ya Uingereza, kilizima matangazo yake na hakikuwaka tena. Siku mbili baadaye, tarehe 8, redio za biashara za nchi hiyo zilitimiza miaka kumi tangu LBC ya London iliposikika hewani kwa mara ya kwanza, kwa hiyo sherehe ilikuta msiba sebuleni. Centre Radio ilikuwa imeishi miaka miwili na mwezi mmoja tu, kuanzia tarehe 7 Septemba 1981, na katika familia yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufa kwa kukosa fedha.

Nimeuleta uzi huu kwa sababu kila inapozungumziwa redio iliyokufa mapema, maelezo huwa ni yale yale: watangazaji hawakuwa na mvuto, au wakubwa walizitafuna fedha. Huenda pengine ni kweli. Lakini katika kisa hiki naona kuna jambo jingine lililotangulia hayo yote, nalo ni kwamba kituo kilizaliwa kikiwa kimebebeshwa gharama zilizopimwa kwa kipimo cha miji mikubwa, kikapelekwa kwenye mji wa kadiri, tena katika mwaka mbaya. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza mazingira. Kwa miongo mingi BBC ilikuwa peke yake katika redio ya Uingereza, ikiendeshwa kwa ada waliyolipa wananchi na bila tangazo hata moja la biashara. Waliotaka redio yenye matangazo ya biashara walisikiliza Radio Luxembourg nyakati za usiku, na kuanzia mwaka 1964 wakasikiliza vituo vya melini kama Radio Caroline, vilivyorusha matangazo kutoka baharini nje ya mipaka ya sheria. Bunge likaviwekea sheria iliyoanza kufanya kazi mwezi Agosti 1967. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Novemba 1967, BBC ilifungua kituo chake cha kwanza kabisa cha mtaa, na mji uliochaguliwa kwa jaribio hilo ulikuwa Leicester huo huo. Kwa hiyo Centre Radio ilipoingia hewani mwaka 1981 haikukuta uwanja mtupu. Ilimkuta mwenyeji aliyekwisha kaa miaka kumi na minne, anayejulikana kwa kila mtu, na asiyehitaji kuuza tangazo ili alipe mishahara.

Redio ya biashara ya nchi kavu iliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1972, ikawekwa chini ya mamlaka iliyojulikana kwa kifupi kama IBA, ambayo pia ndiyo iliyosimamia televisheni ya biashara. Inafurahisha kwamba mamlaka hiyo haikupenda neno “biashara”. Vituo hivi viliitwa rasmi redio huru za mitaa, na jina hilo lilikuwa na maana yake: kampuni ingepata fedha kwa matangazo, lakini ingeishi kwa adabu ya chombo cha umma. LBC na Capital zilianza London mwezi Oktoba 1973, Clyde ikaanza Glasgow siku ya mwisho ya mwaka huo, na kufikia mwaka 1976 vilikuwapo vituo 19. Hapo serikali ya chama cha Labour ikasimamisha upanuzi ili kusubiri tume iliyochunguza mustakabali wa utangazaji, na vituo vipya havikuanza tena hadi mwaka 1980. Centre Radio ilikuwa katika kundi hilo la pili.

Sasa tuje kwenye gharama, maana hapa ndipo penye kiini.

Kampuni ya redio haikumiliki mtambo wa kurushia matangazo. Mitambo na minara ilikuwa mali ya IBA, ambayo iliijenga na kuiendesha, na kila kampuni ililipa kodi. Kodi hiyo haikungoja mteja. Mwezi mkavu au mwezi wenye neema, ilidaiwa tu. Tena kila kituo kilirusha kipindi kile kile katika masafa mawili kwa wakati mmoja. Kwa Centre Radio yalikuwa 1260 kHz kwenye masafa ya kati na 97.1 MHz kwenye FM. Msikilizaji aliuona huo kuwa wepesi, kwamba popote alipo atakipata kituo chake. Mhasibu aliona mitambo miwili inayobeba sauti moja.

Studio nazo zilikuwa na kanuni zake. Wahandisi wa IBA walikuwa na viwango vikali vya ubora wa sauti, na kituo hakikuruhusiwa kuingia hewani kabla ya kuvitimiza. Hakukuwa na habari ya kuanza na chumba kimoja chenye blanketi ukutani, kama vituo vingi vya dunia vilivyoanza. Fedha nyingi zilizamishwa kwenye kuta, nyaya na mitambo kabla ya senti ya kwanza ya tangazo kuingia.

Muziki, ambao kwa kituo cha redio ndio saa za nafuu zaidi, nao ulikuwa na kizuizi. Kwa makubaliano na makampuni ya santuri, kituo kiliruhusiwa kupiga santuri za kibiashara kwa saa 9 tu kwa siku, na kwa hizo kililipia. Saa zilizobaki zilipaswa kujazwa kwa mazungumzo, habari, michezo, vipindi vya simu za wasikilizaji na muziki wa kurekodiwa kwa njia nyingine, na vyote hivyo vinahitaji watu. Juu ya hayo, asilimia 3 ya mapato ya matangazo ilitakiwa itumike kuwaajiri wanamuziki wanaopiga moja kwa moja. Habari za taifa zilitoka London kupitia shirika la IRN lililoendeshwa na LBC, lakini habari za mji zilihitaji waandishi wake wenyewe, maana bila hao kituo hakikuwa cha mtaa.

Upande wa mapato kulikuwa na dari. Matangazo ya biashara hayakuruhusiwa kuzidi dakika 9 katika saa moja, na udhamini wa vipindi haukuruhusiwa kwa namna tunavyouzoea leo. Fanyeni hesabu: dakika 9 ni nafasi 18 za sekunde 30. Kituo chenye sifa London kinaweza kuzijaza zote wakati wa asubuhi. Kituo cha mji wa kadiri kinajaza tano au sita, tena kwa bei aliyoishusha mteja mwenyewe.

Naomba niwaonyeshe namna nafasi moja kama hiyo ilivyotengenezwa, kwa kuwa vijana waliokulia kwenye kompyuta hawajaiona. Tangazo la duka la viatu, tuseme, liliandikwa, likasomwa na sauti ya kukodi, likachanganywa na kibwagizo, kisha likahamishiwa kwenye kanda iliyofungwa ndani ya kasha la plastiki linaloenea kiganjani. Kanda hiyo haikuwa na mwanzo wala mwisho. Ilijizungusha ndani ya kasha lake, na mlio maalumu ambao msikilizaji hausikii uliifanya isimame yenyewe pale pale pa kuanzia. Fundi aliyapanga makasha hayo kwa mpangilio wa saa, akayachomeka mashineni moja baada ya jingine, na kila lililochezwa likawekewa alama kwenye daftari, kwa kuwa bila alama hiyo mteja hakupelekewa ankara. Rafu yenye makasha machache ilikuwa taarifa ya fedha ya kituo, na yeyote aliyeingia studio aliweza kuisoma bila kuwa mhasibu.

Mwaka wenyewe ulikuwaje? Uchumi wa Uingereza ulikuwa umeanguka. Mwezi Januari 1982, miezi minne tu baada ya Centre Radio kuanza, idadi ya wasio na kazi ilivuka milioni 3. Leicester ulikuwa mji wa soksi, nguo za kufuma na viatu, yaani viwanda vile vile vilivyokuwa vikiumizwa na bidhaa za bei nafuu kutoka nje. Kiwanda kinapopunguza wafanyakazi, duka la samani linakosa wateja, na duka la samani likikosa wateja, kitu cha kwanza linachokata ni tangazo la redio. Tangazo la gazetini linabaki kidogo, kwa sababu mwenye duka anaweza kulikata kwa mkasi na kulibandika ukutani. Leicester Mercury, gazeti la jioni la mji huo, lilikuwapo tangu mwaka 1874 na lilikuwa na mazoea na kila mfanyabiashara.

Kisha ikaja televisheni ya asubuhi. BBC ilianzisha yake tarehe 17 Januari 1983 na TV-am ikafuata tarehe 1 Februari. Kabla ya hapo asubuhi ilikuwa milki ya redio: watu wanakunywa chai, wanavaa, wanatafuta funguo, na redio iko mezani. Saa hizo ndizo kituo kilizouza kwa bei ya juu. Sitadai kwamba televisheni ya asubuhi ndiyo iliyoiua Centre Radio, kwa kuwa TV-am yenyewe ilianza kwa kusuasua. Ila kwa kampuni iliyokwisha anza kukopa ili ilipe kodi ya mtambo, huo haukuwa mwaka wa kupata mshindani mpya saa moja asubuhi.

Madeni yakaizidi kampuni. Kulikuwa na jaribio la kuinunua na kuiokoa, nalo halikufaulu. Hapa pia mfumo ulikuwa na neno lake, kwa sababu mnunuzi hakununua kituo kama anavyonunua duka. Haki ya kutangaza ilitokana na mkataba wa IBA, na bila ridhaa ya IBA mkataba haukuhamishika. Ukiyaondoa masafa, kinachobaki ni viti, santuri na deni.

Kwa takribani miezi kumi na mmoja mji ukawa hauna redio yake ya biashara. Tarehe 7 Septemba 1984, miaka mitatu kamili tangu siku ya kwanza ya Centre Radio, ikaanza Leicester Sound, safari hii ikiwa mikononi mwa Radio Trent ya Nottingham, mji jirani.

Nakaribisha maswali na masahihisho.

—

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa darasa. Nina pingamizi moja. Gharama ulizozitaja zilivihusu vituo vyote, si Centre Radio peke yake. Radio Trent ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka Leicester na haikufa. Mercia Sound ya Coventry ilianza mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla, katika mji wa viwanda vya magari ambavyo navyo vilikuwa taabani, nayo ikasimama. Sasa tukisema mfumo ndio uliomuua huyu, mbona ndugu zake walipona?

—

Mleta uzi:

Mkuu, pingamizi lako ni zito na nalipokea kwa nusu.

Kwa Trent jibu si gumu. Ilianza mwezi Julai 1975, kwa hiyo dhoruba ya mwaka 1980 na kuendelea ilipoingia, ilikuwa na miaka mitano ya wateja, akiba na mazoea ya wasikilizaji. Mti wenye mizizi na mche wa wiki mbili havipigwi na upepo kwa namna moja.

Kwa Mercia nakubali kwamba hoja yangu inalegea. Mji wa kadiri, mwaka mbaya, kanuni zile zile, na bado ikaishi. Kwa hiyo ndani ya Centre Radio lazima palikuwa na maamuzi yaliyoipeleka pabaya kuliko wenzake, na sina haja ya kuyafunika. Ninachosisitiza ni kwamba mfumo ule haukuacha nafasi ya kukosea. Mwenye duka akikosea, anahamia chumba kidogo, anapunguza bidhaa, anafungua saa chache. Kituo cha redio cha enzi ile hakikuweza kuhamia mtambo mdogo wala kupiga muziki usiku kucha ili kuokoa mishahara, kwa sababu kila tundu la kuponea lilikuwa limezibwa na kanuni.

Tena tazama kilichofuata. Gwent Broadcasting ya Newport, Wales, ilianza mwaka 1983 na kufikia mwaka 1985 ilikuwa imeanguka, ikaunganishwa na CBC ya Cardiff ili kuunda Red Dragon. Mwaka huo huo wa 1985, Radio West ya Bristol, iliyoanza wiki chache tu baada ya Centre Radio, iliungana na Wiltshire Radio na kuwa GWR. Mmoja akianguka tunaweza kumlaumu yeye. Wakifika watatu kutoka kundi moja ndani ya muda mfupi, ni haki kuitazama barabara waliyopita.

Na kampuni zenyewe ziliona hivyo. Mwaka 1984 wakuu wa vituo walikutana karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow wakadai kwa sauti moja kodi ya mitambo ipunguzwe na kanuni zilegezwe, na IBA ikalazimika kusikiliza. Hatimaye sheria ya mwaka 1990 iliiondoa IBA yenyewe na kuweka mamlaka nyingine yenye mkono mwepesi zaidi. Centre Radio haikuwapo kufaidi.

—

Mchangiaji wa pili:

Samahani kwa kuchelewa. Leicester si ndio mji waliokimbilia Wahindi wa Uganda? Hao walikuwa wafanyabiashara wa maduka, yaani wateja halisi wa tangazo la redio. Walikuwa wapi?

—

Mleta uzi:

Ndugu, swali hili ndilo nililotamani liulizwe mapema.

Ndiyo, ndio mji huo. Idi Amin alipotangaza mwezi Agosti 1972 kuwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus mwezi Septemba, likiwataka wasije, kwamba nyumba na shule zimejaa. Wengi walikuja hivyo hivyo, na wengine waliokuwa wamelisoma tangazo hilo walilijua jina la mji kutokana nalo. Wakawakuta jamaa zao waliotangulia kutoka Kenya na kwingineko, wakafungua maduka katika barabara ambazo wenyeji walikuwa wamezikata tamaa. Hadi leo Leicester unaweza kumkuta mzee wa Kigujarati anayehesabu chenji kwa Kiswahili.

Aliyewatambua kwanza hewani alikuwa BBC Radio Leicester, iliyoanzisha mwaka 1976 kipindi cha kila siku cha jioni kwa ajili ya jumuiya ya Waasia. Kipindi hicho ndicho mbegu ya kile kilichokuja kuwa mtandao mzima wa BBC Asian Network. Yaani Centre Radio ilipofika mwaka 1981, hata hadhira ambayo ingeipa sura ya pekee ilikuwa na miaka mitano imezoea kuita nyumbani kwingine.

Hata hivyo nisingemlaumu sana meneja yeyote wa wakati ule. Mkataba ulidai kituo kimoja kimhudumie kila mtu: mzee wa soksi, kijana wa disko, mkulima wa pembezoni na mwenye duka la vitambaa. Kujiegemeza kwa jumuiya moja kungekuwa kuvunja ahadi iliyokipa kituo haki ya kuwapo. Wazo la redio ya biashara inayochagua hadhira yake na kuishi kwayo lilikuwa bado halijapewa mlango wa kupitia.

—

Mchangiaji wa kwanza:

Na masafa yenyewe yaliishia wapi, mkuu?

—

Mleta uzi:

Yaliachana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vituo viliruhusiwa kurusha vipindi tofauti kwenye FM na masafa ya kati, na ile hesabu ya mitambo miwili kubeba sauti moja ikaisha. Upande wa FM, Leicester Sound iliendelea hadi mwezi Januari 2011, ilipounganishwa na Trent FM na Ram FM ya Derby kuwa Capital ya eneo zima la mashariki ya kati. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, ilikuwa imepita mikononi mwa GWR, ile ile iliyozaliwa kutokana na matatizo ya Radio West.

Ama 1260 kHz, masafa yaliyonyamaza Alhamisi ile ya Oktoba 1983, mwezi Septemba 1995 yalichukuliwa na Sabras Radio, kituo cha biashara cha Waasia wa Leicester, ambacho mapato yake yalitoka kwa wenye maduka wale wale aliowaulizia ndugu yetu hapo juu.